Sura ya Sita: Shanga Thelathini na Saba

Mtoto wa mdogo wangu alizaliwa alfajiri, na ilipotimu saa moja asubuhi bibi yake alikuwa ameshafika wodini na beseni, sabuni na khanga mbili mpya. Mtoto alikuwa amelala kifuani kwa mama yake. Mgongoni, kwapani na kwenye mikunjo ya mapaja alikuwa bado na ule utando mweupe mzito, mfano wa siagi iliyoganda, ambao watoto wengi huzaliwa nao. Bibi aliutazama kwa haya. Wapo watu wengi, pwani na bara, wanaoamini kwamba weupe ule ni mabaki ya mbegu za baba, ushahidi kwamba wazazi hawakujizuia mimba ilipokuwa kubwa, na bibi hakutaka wageni waje wauone. Akaanza kukunja mikono ya gauni.

"Shikamoo, mama," muuguzi akamwambia. "Nakuomba leo usimwogeshe. Kesho asubuhi utamwogesha mwenyewe."

"Marahaba, mwanangu. Na uchafu huu akae nao kutwa nzima?"

"Si uchafu, mama. Hiyo ni nguo yake."

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asiogeshwe mpaka zipite saa 24, na sababu inayotajwa kwanza ni joto: kichanga hupoa upesi. Lakini neno la yule muuguzi limebeba mengi zaidi. Mwaka 2002 watafiti wa Stockholm waliuchunguza utando huo wakakuta umechanganyika na dawa za kuua vijidudu zilizotengenezwa na mwili wenyewe, hata kabla mtoto hajakutana na kijidudu cha kwanza. Mojawapo inaitwa LL-37. Sura hii ni habari zake, na nimeipa nafasi kubwa katika kitabu hiki kwa sababu sijaona kitu kingine mwilini kinachoonyesha wazi namna hii kwamba kinga ni suala la kiasi na mahali. Iko kwenye ngozi ya kichanga, ikimlinda, na iko kwenye ngozi ya mtu mzima, ikimtesa.

Habari yenyewe ilianza na nondo na chura. Huko Sweden, Hans Boman alikuwa akiwadunga bakteria pupa wa nondo mkubwa aitwaye cecropia, yaani nondo aliye bado ndani ya kifukofuko. Mdudu hana kinga ya kukumbuka maradhi kama tuliyo nayo sisi, na bado pupa wale hawakufa. Mwaka 1981 Boman na wenzake walieleza sababu: ndani ya damu yao mlikuwa na peptidi, yaani vipande vifupi vya protini, zilizokuwa zikiwapasua bakteria. Miaka sita baadaye daktari Michael Zasloff, katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, aliona jambo lililokuwa mbele ya macho ya kila mtu. Alikuwa akiwapasua vyura wa jamii ya Xenopus, wenye asili ya kusini mwa Afrika, ili kupata mayai yao kwa utafiti mwingine kabisa. Akishawashona aliwarudisha kwenye tangi la maji machafu, yamejaa bakteria. Vidonda vilipona bila usaha. Badala ya kushukuru na kuendelea na kazi yake, aliuliza kwa nini. Kwenye ngozi ya chura alipata peptidi mbili, kila moja ikiwa na vijenzi 23 viitwavyo asidi amino, akaziita magainini kutokana na neno la Kiebrania lenye maana ya ngao.

Swali lililofuata lilikuwa la wazi: je, binadamu anayo ya kwake? Mwaka 1995 maabara tatu, ya Stockholm, ya Copenhagen na ya Marekani, zilijibu karibu kwa pamoja, na kila moja ikampa mtoto jina lake. Kundi la Stockholm, Boman mwenyewe akiwemo, lilikisia kwamba peptidi hiyo ina asidi amino 39. Mwaka uliofuata ilibainika kuwa walihesabu mbili za ziada. Zilizobaki ni 37, na mbili za mwanzo ni lusini, ambayo wanakemia huiandika kwa herufi L. Ndiyo maana ya LL-37. Iko katika familia ya peptidi zinazoitwa kathelisidini. Nguruwe na ng'ombe wana kathelisidini nyingi za aina mbalimbali. Sisi tunayo hii moja tu.

Chukua ushanga. Asidi amino ni punje moja ya ushanga, na protini ni shanga zilizotungwa kwenye uzi. LL-37 haitungwi peke yake. Huwa ni ncha ya uzi mrefu wa shanga 140, na ikiwa bado imeungana na uzi huo haina makali. Chembe nyeupe za damu ziitwazo nutrofili, zile zinazofika kwanza mahali penye jeraha, hubeba nyuzi hizo kwenye vifuko vidogo. Nutrofili ikimwaga vifuko vyake, kimeng'enya kimoja hufanya kazi ya mkasi: hukata, na shanga 37 huachiliwa. Ngozi nayo ina mkasi wake, mwingine kabisa. Hata shahawa hubeba nyuzi hizi zikiwa nzima, na mkasi wake huanza kukata pale tu zinapokutana na uchachu wa uke. Mwili umeweka silaha kila mahali na ukaficha mkasi, ili silaha isitumike mpaka ihitajike.

Ndani ya maji matupu uzi huu umelegea tu, hauna umbo. Ukikaribia bakteria hujisokota kama springi ya kalamu. Upande mmoja wa springi hiyo unapenda maji na una chaji chanya, upande wa pili unapenda mafuta. Sasa, ngozi ya nje ya bakteria ina chaji hasi, na hasi na chanya huvutana. LL-37 hujibandika, kisha ule upande unaopenda mafuta huzama ndani ya utando wa bakteria. Zikishakusanyika za kutosha utando huachia, vya ndani hutoka, vya nje huingia, na bakteria hufa. Chembe zetu sisi zina utando usio na chaji kubwa kwa nje, na kolesteroli iliyomo huukaza. Kwa hiyo peptidi nyingi hupita bila kujishikiza. Lakini zikizidi sana, hata chembe zetu hutobolewa. Naomba msomaji asilisahau hilo, maana tutalirudia.

Kama ingekuwa sumu ya vijidudu tu, kisa kingeishia hapa. Kumbe LL-37 pia hutuma salamu. Huziita chembe za kinga zije, huamsha mishipa midogo ya damu ichipue kwenye kidonda, huihimiza ngozi ya ukingoni isogee na kufunga. Nionavyo mimi, kuiita antibiotiki ya mwili, kama magazeti yanavyopenda, ni kuipunja.

Ni nani atatuambia maisha bila LL-37 yanakuwaje? Watoto wa kaskazini kabisa mwa Sweden walituambia. Katika miaka ya 1950 daktari wa watoto Rolf Kostmann alieleza ugonjwa wa kurithi uliokuwa ukirudi katika koo za huko: watoto walizaliwa karibu hawana nutrofili, wakaugua jipu baada ya jipu, na wengi walikufa kabla ya kutimiza mwaka. Ikaja dawa ya kuchochea uboho utengeneze nutrofili, na watoto wakaishi. Ulikuwa ushindi mkubwa, na wazazi walioushuhudia hawakuwa na haja ya kuelezwa na mtu thamani yake. Ila jambo moja halikukaa sawa. Fizi za watoto hawa ziliendelea kuvimba na kuoza, na meno kulegea, ingawa nutrofili zilikuwa zimefikia idadi ya kuridhisha. Mwaka 2002 watafiti walizichungulia nutrofili hizo. Zilikuwepo, zilitembea, lakini hazikuwa na LL-37. Mgonjwa mmoja tu alikuwa nayo ya kutosha, yule aliyekuwa amepandikizwa uboho wa mtu mwingine, na yeye fizi zake zilikuwa nzima.

Wako watoto wengine, wenye ugonjwa wa Papillon-Lefèvre, ambao uzi mrefu wanao. Wanachokosa ni mkasi. Viganja na nyayo zao hukakamaa na kuwa nene, meno ya utoto hutoka kinywani mapema, yanakuja ya ukubwani na hayo pia hung'oka. Kinywa ndipo mahali bakteria wanapokaa na sisi mchana na usiku, milimita chache tu za ukoga kwenye mstari wa fizi. Huko ndiko pengo la LL-37 linakoonekana kwanza, na daktari wa meno mwenye jicho anaweza kuuona ugonjwa wa damu kabla ya mtaalamu wa damu.

Nije kwenye jua, ambapo habari hii inatuhusu kwa karibu.

Kabla ya antibiotiki, wagonjwa wa kifua kikuu Ulaya walipelekwa milimani, wakalazwa barazani waote jua, wakanyweshwa mafuta ya ini la samaki. Mdenishi Niels Finsen alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa taa kali. Hakuna aliyejua jua linafanya nini. Mwaka 2006 kundi la Robert Modlin wa Los Angeles lilionyesha njia moja. Makrofaji, yaani chembe inayommeza bakteria wa kifua kikuu, ikimtambua, huanza kujitengenezea yenyewe vitamini D iliyo tayari kufanya kazi, ikitumia malighafi iliyo kwenye damu. Vitamini hiyo huwasha jeni ya LL-37, na peptidi humfuata bakteria kulekule alikojificha. Watafiti walitumia maji ya damu ya Wamarekani weusi, ambao vitamini D yao ilikuwa chini, na jeni haikuwaka vizuri. Walipoongeza vitamini, ikawaka. Swichi hiyo ya vitamini D kwenye jeni ya kathelisidini iko kwa binadamu na nyani wenzake. Panya hawana, na ndiyo maana miaka yote ya kuwachunguza panya haikuifichua.

Nilipoisoma taarifa ile mara ya kwanza nilisisimka, nisifiche. Nikawaza: kwetu kuna jua mwaka mzima. Na ni kweli ngozi yetu inalijua jua. Mwaka 2012 ilichapishwa taarifa ya watafiti waliopima damu ya Wamasai 35 na Wahadzabe 25 wa Tanzania, watu wanaoishi nje mchana kutwa, wakakuta wastani wa vitamini D wa nanomoli 115 kwa lita, wakati wataalamu wengi huridhika na 50. Rangi nyeusi haikuwazuia. Wanaopungukiwa ni zaidi yule mweusi aliyehamia London au Minneapolis na anayepita majira ya baridi ndani ya makoti, na hata huku nyumbani yule anayeingia ofisini kabla jua halijapanda na kutoka limekwisha kuzama.

Lakini kifua kikuu kipo Umasaini, na kipo Dar es Salaam. Ndiyo sababu nauheshimu sana utafiti uliofanyika Dar es Salaam na kutangazwa mwaka 2020. Watu wazima 4,000 wenye virusi vya UKIMWI, waliokuwa wakianza dawa na ambao vitamini D yao ilikuwa chini, waligawanywa: nusu walipewa vitamini D kwa mwaka mzima, nusu walipewa kidonge kisicho na dawa. Vifo havikupungua. Kifua kikuu hakikupungua. Mwaka huohuo ukaja utafiti wa Mongolia, wanafunzi 8,851, miaka mitatu, na maambukizi ya kifua kikuu hayakupungua huko pia. Hata ile taa ya Finsen imepimwa upya: lenzi zake zilizuia miale inayotengeneza vitamini D, kwa hiyo tiba yake ilipita njia nyingine.

Je, maabara ya Los Angeles ilidanganya? La. Njia ile ipo. Ila makrofaji kwenye sahani ya kioo si pafu la mtu aliyekonda, na bakteria aliyeishi na binadamu maelfu ya miaka hakosi mbinu zake. Swichi inaweza kuwashwa na taa isitoshe kumulika chumba. Nawasihi wanaouza vidonge vya vitamini D mtandaoni kama kinga ya kifua kikuu wazisome habari za wale watu 4,000, maana walitoa mwaka mzima wa maisha yao ili sisi tujue.

Kuhusu mbinu za bakteria, mfano ulio wazi ulitoka Dhaka, Bangladesh. Kuhara damu husababishwa mara nyingi na bakteria aitwaye Shigela. Mwaka 2001 watafiti wa Dhaka na Stockholm walichunguza utumbo mpana wa wagonjwa wakakuta LL-37 imezimwa. Shigela haingoji kupigwa, huingia na kuiamuru chembe ya utumbo iache kutengeneza silaha. Baadaye kundi hilohilo liliwapa sungura wagonjwa butireti, asidi ya mafuta fupi, na peptidi ya sungura inayofanana na yetu ikarudi, na ugonjwa ukapungua. Butireti hii hutengenezwa tumboni kila siku na bakteria wema wanapokula wanga usiomeng'enywa juu. Wanga wa namna hiyo umejaa kwenye ndizi mbichi, na msomaji wa Bukoba au Moshi hahitaji kuelezwa ndizi mbichi ni nini. Hospitali ya Dhaka ililisha ndizi mbichi za kupikwa watoto waliokuwa wakiharisha kwa muda mrefu, na walipata nafuu upesi zaidi. LL-37 haikupimwa katika jaribio lile, kwa hiyo sitaunganisha nyuzi mbili kwa fundo ambalo watafiti wenyewe hawakulifunga.

Sasa upande wa pili.

Ninaye rafiki, mwalimu wa sekondari, anayevaa mikono mirefu hata Februari. Viwiko na magoti yake yana mabaka manene, rangi ya zambarau iliyofifia, yenye magamba meupe yanayopukutika kama unga kwenye shati. Ni soriasisi. Haiambukizi, lakini kuna wazazi wa wanafunzi waliowahi kukataa kumpa mkono, na amewahi kuambiwa aende kwa mganga akatoe alichotupiwa. Jambo moja lilimshangaza hata yeye: mabaka yake hupasuka na kutoa damu, na bado hayatungi usaha. Jirani yake ana mtoto mwenye pumu ya ngozi, na ngozi ya mtoto huyo ikikwaruzwa kidogo inaota usaha siku ya pili.

Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walizilinganisha ngozi za aina hizo mbili. Kwenye soriasisi LL-37 ilikuwa tele. Kwenye pumu ya ngozi ilikuwa kidogo mno. Ngozi ya rafiki yangu imelindwa kupita kiasi, na kilichozidi ndicho kinachomuumiza. Miaka mitano baadaye kundi la Michel Gilliet huko Houston lilieleza namna. Chembe zetu zikifa humwaga DNA yake. Kwa kawaida mwili huipuuza, kwa sababu DNA iliyo nje hukatwakatwa upesi na haiingii ndani ya chembe za kinga, ambako ndiko kuna kengele ya kutambua DNA ya wavamizi. LL-37 ina chaji chanya, DNA ina chaji hasi, na zikikutana hushikana zikafanya donge. Donge halikatiki. Humezwa na chembe ya kinga na kufikishwa hadi kwenye kengele. Kengele inalia: tumevamiwa. Aliyevamia hayupo. Ni DNA ya mtu mwenyewe, imeletwa na mlinzi wa mtu mwenyewe. Mwaka 2014 kundi lilelile lilionyesha kwamba karibu nusu ya wagonjwa wa soriasisi waliochunguzwa walikuwa na chembe za kinga ziitwazo chembe T zinazoishambulia LL-37 yenyewe kana kwamba ni adui. Donge kama hilo la DNA limeonekana pia kwenye lupasi, ugonjwa unaoshambulia figo, viungo na ngozi, hasa za wanawake. Na kwenye rosasia, wekundu sugu wa uso, kosa liko kwa mkasi: unakata kupita kiasi, na vipande vya LL-37 vinachokoza ngozi.

Nilimweleza rafiki yangu haya jioni moja, nikichora shanga kwenye daftari lake la masahihisho. Alikaa kimya, akajipapasa kiwiko, kisha akasema, "Kwa hiyo si mtu aliyenitupia. Ni mimi mwenyewe ninajilinda." Nikamwambia ndivyo.

Mtu atauliza: basi, peptidi hii haiwezi kufanywa dawa? Imejaribiwa, na mahali palipochaguliwa palikuwa pa busara, vidonda vya miguu visivyopona. Ni vile vidonda vya wazee wenye mishipa mibovu, vinavyofungwa bandeji asubuhi na jioni mwaka hadi mwaka, na harufu yake humfanya mzee ajitenge hata na wajukuu. Ilikwisha kuonekana kwamba ukingoni mwa vidonda hivyo ngozi haitoi LL-37, wakati jeraha jipya huitoa kwa wingi. Mwaka 2014 yalitangazwa matokeo ya wagonjwa 34. Walipakwa LL-37 iliyotengenezwa maabara, kwa vipimo vitatu: nusu miligramu kwa mililita, 1.6, na 3.2. Wengine walipakwa dawa isiyo na kitu. Katika jaribio kubwa zaidi lililofuata, wagonjwa kwa jumla hawakupata tofauti, ila dalili za nafuu zilionekana kwa wenye vidonda vikubwa. Lakini mimi hurudi kwenye wale 34. Waliopakwa kipimo kikubwa kuliko vyote hawakupona upesi kuliko waliopakwa dawa tupu. Wa kipimo cha kati walipona upesi zaidi. Na waliopona upesi kuliko wote ni wale wa nusu miligramu.